Upokezi wa Kazi Iliyokataliwa: The X Factor ya Iron Maiden Mbele ya Mashabiki Wake

1.0 Utangulizi

Nadharia ya upokezi, ambayo wanafunzi wetu huifahamu zaidi kupitia maandishi ya Hans Robert Jauss, inatufundisha kwamba msomaji haijii kazi ya sanaa akiwa mtupu. Huijia akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizokwisha kuzipokea, na hukumu yake ya kwanza aghalabu huwa ni kipimo cha umbali uliopo baina ya alichokitarajia na alichopewa. Jauss alikuwa akizungumzia fasihi. Makala haya yanaipeleka hoja hiyo katika muziki wa hevi metali, utanzu usiozoeleka katika kurasa za jarida la Kiswahili, lakini wenye hadhira ya kumbukumbu ndefu na isiyosamehe upesi. Kazi tutakayoichunguza ni The X Factor, albamu ya kumi ya bendi ya Kiingereza iitwayo Iron Maiden. Ilitolewa tarehe 2 Oktoba 1995, mashabiki wengi wakaipokea shingo upande. Miaka 30 baadaye, watetezi wake si haba.

Sauti zilizorekodiwa ni zile zile. Basi ni nini kilichobadilika? Jibu letu ni kwamba kilichokataliwa mwaka 1995 hakikuwa nyimbo, bali mtu aliyesimama mahali pa mwingine. Na kwamba tathmini mpya huwa na uzito pale inapoitetea sauti ya mtu huyo yenyewe, si pale inapoiombea radhi.

2.0 Matarajio ya Hadhira

Baina ya 1982 na 1992 Iron Maiden ilitoa albamu saba za studio zikiimbwa na Bruce Dickinson, na tatu kati yake zilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Dickinson ana sauti nyembamba, yenye nguvu, inayopaa juu ya magitaa. Alipojitoa mwaka 1993, nafasi yake ilichukuliwa na Blaze Bayley, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Wolfsbane. Sauti ya Bayley ni nene na yenye kiza.

Mashabiki waliuona mgeuko huo peke yake, ilhali mambo mengine nayo yalikuwa yamekwisha kugeuka. Martin Birch, aliyesimamia urekodi wa albamu zote za bendi tangu 1981, alikuwa amestaafu. Kazi hiyo sasa ilifanywa na Steve Harris, mpiga gitaa la besi na mtunzi mkuu, akishirikiana na Nigel Green, katika studio ya Harris mwenyewe huko Essex. Ndoa ya Harris ilikuwa imevunjika. Albamu ikatoka na nyimbo 11 za takriban dakika 71, nyingi zikianza polepole, kwa sauti ya chini.

Nchini Uingereza ilifika nafasi ya 8. Nchini Marekani iliishia nafasi ya 147, wakati iliyotangulia, Fear of the Dark ya 1992, ilikuwa imefika nafasi ya 12. Tarakimu hizo hutajwa mara kwa mara kama ushahidi dhidi ya Bayley. Hapana budi tuzitazame kwa hadhari: kufikia 1995 vijana wa Kimarekani walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye roki ya Seattle, na bendi nyingi za rika la Iron Maiden zilianguka nchini humo bila ya kubadilisha mwimbaji.

Jeraha kubwa lilitokea jukwaani. Katika ziara za 1995 hadi 1998 Bayley alitakiwa aziimbe, pamoja na nyimbo zake, zile za Dickinson katika kimo kile kile cha sauti, bila ya kushushwa. Mwanakwaya yeyote wa besi anajua adha ya kupewa mstari wa tena usiku baada ya usiku. Sauti ilimharibikia, maonyesho kadhaa yakafutwa, na mashabiki wakarudi nyumbani na hukumu juu ya albamu ambayo pengine hawakuwa wameisikiliza zaidi ya mara mbili. Wasomaji wa Kiswahili wanaijua hali hii kwa sura nyingine: Kichomi cha Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974, mjadala ulitumia nguvu nyingi kuuliza kama yale ni mashairi kabla ya kuuliza yanasema nini.

3.0 Maudhui na Sauti

Ukiyachunguza maudhui ya The X Factor unakuta umoja ambao albamu nyingi za kabla yake hazina. Fortunes of War na The Aftermath zinamhusu askari baada ya vita, si vitani. Judgement of Heaven ni maneno ya mtu anayepigana na tamaa ya kufa. 2 A.M. ni upweke wa mtu aliye macho usiku wa manane. Dickinson alipoimba juu ya vita, mara nyingi alisimama upande wa farasi wanaokwenda mbio na ndege zinazoruka. Hapa msemaji amekwisha kushindwa kabla wimbo haujaanza. Sauti nene isiyopaa ndiyo inayofaa kwa msemaji wa namna hiyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo hoja kuu ya watetezi.

Zipo pia nyimbo zilizochota kutoka katika fasihi. Lord of the Flies imetokana na riwaya ya William Golding ya 1954, na Sign of the Cross, wimbo wa dakika zaidi ya 11 unaofunguliwa kwa uimbaji unaofanana na wa watawa, huhusishwa na riwaya ya Umberto Eco, The Name of the Rose. Kwetu sisi wa Afrika unaovutia zaidi ni The Edge of Darkness. Unaanza kwa mngurumo wa helikopta, na msemaji ni kapteni anayepanda mto kumtafuta mtu. Chimbuko lake la karibu ni filamu ya Francis Ford Coppola ya 1979, Apocalypse Now, inayotokea Vietnam na Kambodia. Chimbuko la mbali ni Heart of Darkness ya Joseph Conrad, aliyesafiri katika mto Kongo mwaka 1890. Katika mhadhara wake wa 1975 Chinua Achebe alimshutumu Conrad kwa kuwageuza Waafrika kuwa mandhari tu ya kuvunjikia akili za Mzungu. Katika wimbo huu hata mandhari hayo hayapo: Kongo imetoweka kabisa, umebaki mto usio na watu wake. Mashabiki wanaoutetea wimbo huu kwa uaminifu wake kwa Conrad wanautetea kwa sifa usiyo nayo. Uaminifu wake ni kwa filamu.

4.0 Tathmini Mpya

Bayley aliondoka mwaka 1999, na Dickinson akarejea. Kuanzia hapo albamu haikuwa tena tishio kwa mustakabali wa bendi. Ilikuwa kipindi kilichopita. Mwezi Januari 2001 Dickinson aliimba Sign of the Cross mjini Rio de Janeiro, na rekodi ya onyesho hilo ikatoka mwaka 2002. Wengi waligundua hapo kwamba utunzi wenyewe ulikuwa imara. Lakini ugunduzi huo ulikuwa na kasoro, kwani uliwaruhusu kusema kuwa nyimbo zilikuwa nzuri na mwimbaji mbaya. Hiyo ni hukumu ile ile ya 1995 iliyovishwa kanzu mpya.

Tathmini yenye kina zaidi ilikuja kwa wale waliorudi kwenye rekodi ya awali wakiwa watu wazima, baadhi yao wakiwa wamekwisha kupitia talaka na misiba. Hawa husema kuwa Dickinson huufanya wimbo uwe wa fahari, ilhali Bayley huufanya uwe wa toba. Nakubaliana nao. Sikubaliani nao wanapoutetea urekodi: sauti ni kavu na nyembamba, na utangulizi wa polepole unarudiwa mara nyingi mno hata ukapoteza athari.

Wala si kweli kwamba muda pekee hutakasa kila kitu. Virtual XI ya 1998, iliyoimbwa na Bayley huyo huyo, haijapata watetezi wa kiasi hicho; wimbo wake The Angel and the Gambler hurudia kiitikio kwa karibu dakika kumi, na miaka haijaufupisha.

Bendi yenyewe imekuwa na kauli mbili. Sign of the Cross ilirudi jukwaani katika ziara iliyoanza 2018, lakini ziara iliyoanza Mei 2025 ilitangazwa kuwa ya nyimbo za albamu tisa za kwanza, yaani hadi 1992, mpaka unaoiacha nje The X Factor kwa hatua moja tu. Bayley, aliyeanza upya kwa albamu ya Silicon Messiah mwaka 2000, ameendelea kuziimba nyimbo za kipindi chake katika kumbi ndogo, akiwa na wapigaji wanaoifuata sauti yake badala ya yeye kuzifukuza sauti zao.