Sarafu Mbili Ukingoni mwa Meza

Mwanafunzi akiulizwa ni kani zipi zinazotenda juu ya jiwe lililotupwa, mara nyingi huchora mishale miwili: mmoja wa kwenda chini, ambao ni uzito, na mwingine wa kwenda mbele, auitao "kani ya mtupo". Mshale huo wa pili ni kosa, nalo huharibu hesabu yote inayofuata. Mkono hulisukuma jiwe wakati unapoligusa tu. Likishatoka mkononi, tukipuuza ukinzani wa hewa, kani inayobaki ni uzito peke yake. Jiwe huendelea mbele kwa kuwa hakuna kinachouzuia mwendo wake huo. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya Newton.

Jambo hili laweza kuthibitishwa hata katika shule isiyo na maabara. Laza rula kimshazari ukingoni mwa meza, ncha moja itokeze nje. Weka sarafu moja juu ya ncha hiyo, na ya pili mezani, kati ya rula na ukingo. Bana ncha ya ndani kwa kidole, kisha igonge ghafla ile iliyotokeza, kuelekea upande wa sarafu ya pili. Sarafu ya kwanza itadondoka wima. Ya pili itaruka mbele. Sikiliza: zote mbili zitagonga sakafu kwa mlio mmoja.

Basi mwendo wa mbele hauathiri mwendo wa kuanguka. Galileo aliyaeleza haya katika kitabu chake cha mwaka 1638. Kwa hiyo tuikokotoe miendo hiyo mbalimbali.

Kimo cha meza na kiwe meta 0.8, na mchapuko wa mvutano wa dunia meta 10 kwa sekunde mraba:

0.8 = ½ × 10 × t², hivyo t = sekunde 0.4.

Ikiwa sarafu ya pili imeangukia meta 0.6 kutoka ukingoni, kasi yake ya mbele ilikuwa 0.6 ÷ 0.4, yaani meta 1.5 kwa sekunde. Tumepima kasi kwa rula, bila saa!

Mwalimu, kabla ya kuandika fomula yoyote ubaoni, waulize wanafunzi: ni nini kinachokigusa kitu hiki sasa, na ni nini kinachokivuta? Mshale usio na mwenyewe ufutwe.

Zoezi: Sarafu ikiruka kwa kasi ile ile kutoka kimo cha meta 3.2, itaangukia umbali gani? (Jibu: meta 1.2. Eleza kwa nini si 2.4.)