Baba amepiga marufuku Kimakonde nyumbani

*Shangazi, mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala, elimu yangu ni darasa la saba. Kijana wetu yuko darasa la nne. Mume wangu anafanya kazi Masasi mjini, anarudi mwisho wa wiki. Huko amepanga jirani na watu ambao watoto wao wanasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, basi akirudi anaona wa kwake hajui kitu. Sasa amepiga marufuku Kimakonde nyumbani, na yeye akiwepo hata Kiswahili hataki kukisikia, ni Kiingereza tu. Mtoto amekuwa bubu. Bibi yake akianza hadithi, anaondoka. Daftari lake la Kiingereza lina vema nyingi na mwandiko mzuri, lakini nikimwuliza ameandika nini, hajui. Baba yake anataka tuuze eka moja ya mikorosho tumhamishe shule. Nifanyeje?*
*Mama wa Darasa la Nne, Newala*

Mwanangu, nianze na hiyo eka: msiuze. Ada hulipwa kila mwaka, shamba huuzwa mara moja. Mikorosho inayozaa leo ndiyo itakayomnunulia sare na madaftari mpaka amalize sekondari.

Hofu ya mumeo naielewa, na usimbeze. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, halafu mtoto akifika kidato cha kwanza anakuta baiolojia, jiografia na hisabati zote zimegeuka Kiingereza. Wengi wanakwama hapo, tena watoto wenye akili zao. Baba anayeliona hilo mapema ana haki ya kukosa usingizi.

Ila njia aliyoishika inamuumiza mtoto. Mwanao anauliza, anabisha na kutoa sababu kwa lugha alizonazo. Ukimnyang'anya hizo kabla hajapata nyingine, atafikiria nini, na kwa maneno gani? Jim Cummins, mtaalamu wa elimu wa Canada, alieleza mwaka 1979 kwamba uwezo wa kusoma na kufikiri ambao mtoto ameujenga kwa lugha yake humsaidia anapojifunza lugha ya pili. Na mumeo si lazima aende Canada kutafuta mfano. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, huko huko Masasi, mwaka 1938, akaanzia shule ya kijijini kwao. Mwaka 1962 alihitimu shahada ya Kiingereza Makerere, baadaye akahariri magazeti ya Kiingereza, The Nationalist na Daily News, kabla ya kuwa Rais wa Tanzania.

Kwa hiyo jambo la kwanza, mrudishie bibi mjukuu wake. Mwombe bibi akifika katikati ya hadithi anyamaze kidogo, amwulize: “Unadhani sungura atafanya nini sasa? Umejuaje?” Hilo “umejuaje” ndilo ninalotaka liwe wimbo wa nyumba yenu. Bibi asiridhike na jibu sahihi peke yake, adai sababu. Vitendawili navyo vifanyiwe hivyo hivyo: mtoto akishatoa jibu, aeleze ni nini kwenye kitendawili kilichompeleka huko.

Na wewe, mkulima wa korosho, una darasa la hesabu ambalo mwalimu wa mjini hana. Chukua bakuli, lijaze korosho mpaka lifurike, umwulize: hii ni kilo moja, imezidi au imepungua? Aseme kabla hamjapima, na aseme kwa nini. Kisha mwende dukani kwenye mzani mkaone. Akishaona, mwulize kwa nini watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kinyemela nje ya mfumo rasmi, hupenda kupima kwa bakuli. Mwache ahangaike nalo, hata siku nzima, usimpe jibu. Halafu mpe hesabu yenyewe: mwaka 2018 serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mwenye kilo 60 alistahili shilingi ngapi? Tuseme alikuwa ameshaziuza kangomba kwa 1,500 kila kilo, amepoteza ngapi? Mtoto akikuletea 108,000 na akaweza kukueleza alivyoipata, ujue kichwa kinafanya kazi.

Jambo moja nalisema kwa uchungu: korosho zikianza kudondoka Oktoba, asikose shule kwenda kuokota. Jioni na Jumamosi zinatosha.

Sasa Kiingereza. Daftari lenye vema na mwenye daftari hajui maana, hapo mtoto amenakili ubao. Kila jioni baada ya chakula, robo saa tu, yeye awe mwalimu na wewe mwanafunzi. Usione aibu. Achague sentensi moja kwenye daftari, tuseme “The boy is going to school.” Aisome. Afunike daftari, akwambie maana yake kwa Kiswahili au Kimakonde, vyovyote. Kisha abadilishe kitu kimoja: badala ya mvulana aweke bibi, badala ya shule aweke shamba. Hiyo sentensi mpya mwalimu hakuiandika popote, ni ya kwake. Sentensi mbili za namna hiyo kwa siku zinatosha kabisa. Akikosea katikati, mwache amalize kwanza. Ukiwa huna hakika kama amepatia, wekeni alama pembeni, kesho amwulize mwalimu wake. Kama simu ya baba ina bando, kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania kuna vitabu vya kiada vya bure, na kama kuna televisheni karibu, Ubongo Kids wanafundisha hesabu na sayansi kwa katuni za Kiswahili.

Mumeo usibishane naye, mpe kazi. Akija Jumamosi, aketi na kijana kwenye bao. Kila mmoja ana mashimo 16 na kete 32, na kabla mtoto hajacheza aseme kete ya mwisho itaangukia wapi. Wakimaliza, kijana amsomee zile sentensi zake mpya za wiki. Baba asisahihishe mpaka zimeisha zote. Mwonyeshe barua hii kama itasaidia.

Kitu cha mwisho, na hiki ukifanye wiki hii. Mpe kitabu cha Kiswahili ambacho hajawahi kukiona, asome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha akusimulie. Akisoma kwa kudonoa silabi moja moja, au akasoma vizuri lakini akashindwa kusimulia, basi Kiingereza kisubiri kidogo. Nenda kwa mwalimu wake wa darasa, mwambie ulichokiona, muanze na kusoma kwa Kiswahili.