Mbwa wa Chini ya Meza

Somo: 2 Samweli 9

Tulichukua mbwa mdogo kutoka makao ya KSPCA kule Karen. Watoto walimwita Simba, lakini mgeni akibisha tu geti, Simba anaingia chini ya meza akitetemeka. Siku moja nilimvuta nje awasalimie wageni wa ushirika wa nyumbani. Alijikojolea, na kwa wiki mbili hakunikaribia.

Mimi nilisomea biashara. Nilitaka matokeo ya haraka. Ilibidi nijifunze kukaa sakafuni bila kumkazia macho, chakula kando yangu, nikimngoja aje mwenyewe. Sasa anakuja.

Mefiboshethi alifika kwa Daudi na hofu, akajifananisha na mbwa mfu. Daudi alimwambia asiogope, akampa nafasi mezani pake siku zote.

Hapo nikamkumbuka dada mmoja niliyemsimamisha mbele ya kanisa ajitambulishe, Jumapili yake ya kwanza. Hakurudi. Nimemtafuta wiki hii kumwomba msamaha.

Wapendwa, mkimwona mgeni ameketi karibu na mlango, msalimieni kwa upole, mwacheni akae. Jumapili ijayo, msalimieni tena.

Swali la wiki: Ni nani unayemvuta badala ya kumngoja?