Somo Letu: Mwajiri Naye Apimwe Siku ya Usaili

Ndugu wafanyakazi, siku ya usaili mwajiri hutupima, nasi tumpime. Tukiuliza mshahara akajibu "utaona mwisho wa mwezi", tushtuke. Akidai "pesa ya fomu", tuondoke.

Kubwa zaidi ni mkataba. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 yataka kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuuandaa. Asiyejua kusoma aelezwe kwa lugha anayoielewa. Basi karani akifunika maandishi kwa kiganja na kusema "tia dole gumba hapo tu", tusitie.

Tukitoka, tuwaulize vibarua pale getini hulipwa tarehe ngapi, na kama tawi la chama lipo.