Mgonjwa wa Kisukari na Saumu ya Ramadhani

Kila Ramadhani inapokaribia huulizwa swali hili, na aghalabu muulizaji ni mtu aliyesilimu karibuni: "Nina ugonjwa wa sukari, na daktari amenikataza kufunga. Je, nikila mchana, Uislamu wangu hautakuwa na kasoro?" Nyuma ya swali hilo mna hofu. Jamaa zake wanamtazama, naye hudhani kwamba saumu ndiyo ushahidi pekee wa imani yake.

Jibu limo katika Kurani Tukufu yenyewe. Katika Sura Al-Baqara, palepale saumu ilipofaradhishwa, mgonjwa na msafiri wametolewa, wakaamriwa kutimiza hesabu katika siku nyingine, kwa kuwa Mwenyezi Mungu huwatakia waja wake wepesi. Ruhusa hii haikutungwa baadaye na wanazuoni walioona taabu ya watu. Imeshuka pamoja na amri. Basi aipokeaye anatii sawasawa na mzima anayefunga. Mtume Mtukufu s.a.w. alipomwona safarini mtu aliyetiliwa kivuli kwa kuzidiwa na saumu, hakumsifu, bali alieleza kwamba kufunga namna ile si wema.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe. Chakula cha wanga hugeuka sukari, nayo haiwezi kutumika mwilini bila insulini itokayo katika kongosho. Wako wagonjwa ambao kongosho lao halitoi insulini ya kuwatosha kuishi. Hawa huishi kwa sindano, na kabla ya mwaka 1922, alipodungwa mgonjwa wa kwanza huko Toronto, Kanada, walikuwa hawana tumaini la kuishi muda mrefu. Wengine insulini wanayo, lakini haitoshi au mwili hauipokei vema.

Mgonjwa aliyejidunga insulini asipokula, sukari hushuka: hutetemeka, humtoka jasho jembamba, moyo humwenda mbio, na mwisho fahamu humpotea. Anaweza kufa. Na akiiacha sindano kwa kudhani kwamba mfungaji haihitaji, sukari hupanda na damu huweza kuingiwa na asidi, jambo ambalo pia huua.

Lakini wagonjwa wote si wa hali moja. Wako ambao daktari huwaruhusu kufunga, hasa wanaotibiwa kwa mpango wa chakula tu au kwa baadhi ya vidonge. Basi mwendee daktari mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani, wala usingoje usiku wa kuandama mwezi, ili apange upya dawa zako na saa zake. Pima sukari mchana. Tone la damu la kidoleni halibatilishi saumu. Ikishuka chini ya 70 (au 3.9 kwa vipimo vya namna nyingine), au ikizidi 300 (yaani 16.7), fungua papo hapo, hata ikiwa zimebaki dakika chache adhana ya magharibi isikike. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuona uchungu kuipoteza siku iliyokaribia kutimia.

Tena kuna futari. Sisi wa pwani tumezoea mihogo na magimbi ya nazi, ndizi mbivu, tambi, kaimati na uji mtamu, vyote katika sinia moja. Karibu vyote ni wanga na sukari! Mgonjwa na afungue kwa maji na tende moja, kisha ale kipande cha muhogo kisichozidi ngumi yake, pamoja na kunde au maharage, samaki na mchicha. Daku asiiache, tena aicheleweshe. Ugali wa dona kwa maharage humshikilia mtu kuliko mkate mweupe na chai ya sukari. Nawe uliyemwalika, usimshurutishe kula kaimati kwa kumwambia kwamba chakula cha futari hakidhuru.

Ama yule ambaye ugonjwa wake hautazamiwi kumwacha, yeye hutoa fidya: kumlisha maskini mmoja kwa kila siku asiyofunga, kwa chakula cha namna anachokula yeye nyumbani kwake. Akitaka, hupika na kumkaribisha maskini huyo wakati wa magharibi, wakala pamoja.