Tujifunze Mpira wa Magongo



Vijana wengi parokiani wanauliza kama kuna mchezo zaidi ya kandanda ambao wasichana na wavulana wote wanaweza kujifunza. Upo. Ni hoki, yaani mpira wa magongo. Na msidhani ni mchezo wa wageni tu. Mwaka 1964 Kenya ilimaliza ya sita katika Olimpiki za Tokyo, na 1971 ikawa ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza kule Barcelona.

Kila timu ina wachezaji 11, pamoja na golikipa. Mechi ina vipindi vinne vya dakika 15. Bao linahesabiwa tu kama mshambuliaji ameugusa mpira kwa gongo lake akiwa ndani ya ule mstari uliopinda mbele ya goli. Ukipiga kutoka mbali ukaingia wavuni moja kwa moja, ni kazi bure. Mguu hauruhusiwi kuucheza mpira, ila wa golikipa akiwa ndani ya mstari huo.

Sasa gongo lenyewe. Upande wa kushoto ni bapa, wa kulia una mviringo, nawe unapiga kwa ule bapa. Gongo la mashoto haliruhusiwi. Basi hapa wengi hukosea, wanamwambia mtoto wa mashoto kwamba hoki si yake. La hasha! Mkono wa kushoto ndio unaoshika juu na kuligeuza gongo. Wa kulia unashika chini na kusukuma. Mpeni nafasi.

Lakini mpira wa hoki ni mgumu kama jiwe, uzito wake gramu 156 hadi 163. Mimi mwenyewe nilikosea. Msimu wetu wa kwanza niliwaacha wasichana wacheze bila kinga za ugoko, manake pesa hazikuwepo. Mmoja akapigwa, mguu ukavimba, mama yake akamkataza kurudi. Alikuja kuniuliza nilikuwa nafikiria nini, nikakosa la kumjibu. Tangu hapo wanaoanza wanatumia mpira wa tenisi. Ule mgumu hautoki kwenye sanduku mpaka kila mchezaji awe na kinga za ugoko na ya meno.

Yule msichana alirudi mwaka uliofuata. Mama alikuja naye, akazikagua kinga zote moja moja kabla firimbi haijapulizwa.