SOMO: KWA NINI SIMU INANG'ANG'ANIA WAIFAI YA MBALI?



Siku hizi kazi za kikundi nyingi zinapitia intaneti: hesabu za mweka hazina, fomu za serikali, vijana kutafuta kazi. Tuseme basi kikundi kimechanga, kikanunua rauta ya ofisini na nyingine ya ukumbini. Siku ya mkutano katibu anatoka ofisini na simu yake, anakaa chini kabisa ya rauta ya ukumbini, na bado intaneti inatambaa. Hapo maneno huanza: fundi ametuibia, rauta ni mbovu, tununue ya tatu. Kabla ya kutoa pesa ya wanachama, hebu tuelewe kinachotokea.

Nani anaamua?

Ukiwa kwenye feri ya Likoni unaongea na simu, mnara mmoja unakupokeza kwa mwingine. Hapo mtandao wa simu ndio unaoamua. Waifai si hivyo. Katika waifai, simu au kompyuta yenyewe ndiyo inayoamua ishike rauta gani na iiache lini. Katibu aliingia na rauta ya ofisini, na simu yake bado inaisikia, ingawa kwa mbali. Kwa hiyo haioni haja ya kuhama.

Simu husita kwa sababu kuhama kuna gharama: ni lazima itafute, ijitambulishe upya, na mazungumzo yanaweza kukatika. Tena ingehama kila mara, ingekuwa inarukaruka huku na huku. Kwa mfano, simu za iPhone huanza kutafuta rauta nyingine mawimbi yakishuka kupita kipimo cha -70 (namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi). Hata hapo, hiyo mpya ni lazima iwe na nguvu zaidi kwa kiasi cha kutosha. Kila kampuni huweka kipimo chake, ndiyo maana simu mbili zilizo meza moja hufanya tofauti.

Hasara ni ya nani?

Si ya katibu peke yake. Wote walio kwenye rauta moja hupeana zamu ya kusema. Simu iliyo mbali husema polepole, kwa hiyo zamu yake huwa ndefu na wengine wanangoja. Mmoja aking'ang'ania, kikundi kizima kinachelewa.

Tufanye nini?

1. Zima waifai ya simu, kisha iwashe tena. Mara nyingi itachagua rauta yenye nguvu. Haina gharama, anzeni hapo.

2. Rauta zote zipewe jina moja, neno la siri moja na ulinzi wa aina moja. Majina yakiwa mbalimbali, simu huona ni mitandao miwili, na itabaki na ule wa kwanza mpaka umpotee kabisa.

3. Msiziweke karibu mno. Mawimbi ya ofisini yakijaa ukumbini, simu haitakuwa na sababu ya kuhama. Mwambieni fundi apunguze nguvu ya kurusha mawimbi. Wengi hufikiri kuongeza ndiyo dawa, kumbe ndiyo inazidisha tatizo.

4. Rauta zilizounganishwa kwa waya zipewe chaneli tofauti. Katika masafa ya 2.4 GHz, chaneli 1, 6 na 11 haziingiliani. Masafa ya 5 GHz yana kasi, lakini ukuta wa mawe huyadhoofisha zaidi.

5. Mkinunua upya, ulizeni kama rauta ina 802.11k, 802.11v na 802.11r. Ya kwanza huipa simu orodha ya rauta jirani, ya pili huishauri ihame, ya tatu huharakisha kuingia. Lakini ni ushauri tu. Simu ndiyo yenye neno la mwisho, na za zamani nyingi hazisikii ushauri huo.

Maswali ya kujadiliana

- Rauta zetu ziko wapi, na kuta zetu ni za nini: mawe, udongo au mabati?
- Je, tumejaribu hatua ya 1 mpaka ya 4 kabla ya kuchangisha tena?
- Nani kati yetu atajifunza kazi hii, ili tusimwite fundi kila mara?

Andikeni majibu katika kitabu cha kikundi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai.